Miwani Ikianguka, Usisogeze Mguu

Kitu cha kwanza ni kusimama tuli. Miwani imekuponyoka, umeisikia ikigonga chini, na mwili mzima unataka kugeuka kuitafuta. Usigeuke. Lenzi za siku hizi karibu zote ni za plastiki na mara nyingi huvumilia kuanguka kutoka usoni hadi chini. Kisichovumilika ni kiatu cha mwenyewe kinachorudi nyuma hatua moja. Kama umebeba mzigo, utue polepole pale pale ulipo, kando ya vidole vyako vya miguu.

Cha pili ni kusema, tena kwa sauti na kwa maneno kamili: "Miwani yangu imeanguka, msikanyage, na mimi bila hiyo sioni." Hilo la mwisho ndilo wengi wetu tusioona mbali hulimeza. Ukisema tu kwamba miwani imeanguka, mtu mwema atakunyooshea kidole na kukuambia, "Si hiyo hapo!" nawe utabaki umeinamia upande wa sauti, hukioni kidole wala miwani, na haya imekushika. Yangu iliniponyoka siku ya soko pale Gakoromone, mjini Meru, katikati ya magunia ya viazi na mikokoteni. Aliyeniokoa ni mama muuza vitunguu aliyeelewa mara moja. "Mwalimu, simama hapo hapo!" Kisha akawageukia wapita njia: "Nyinyi zungukeni huku, mwalimu haoni." Akaiokota, akapuliza vumbi, akaniwekea kiganjani na kuvikunja vidole vyangu juu yake. Hakunionyesha ilipo. Aliniletea mkononi, na huo ndio msaada tunaouhitaji. Uombe hivyo hivyo: "Tafadhali nishikishe."

Ukiwa peke yako, tafuta kwa mkono. Piga magoti ulipo, laza kiganja wazi chini na ukivute polepole kuelekea kwako, kama mtu anayekusanya maharagwe yaliyomwagika. Usipigepige chini kwa vidole, kwa maana pigo moja laweza kukunja mkono wa miwani au kuirusha uvunguni. Anza na nafasi iliyo katikati ya magoti, kisha kulia, kisha kushoto, kisha nyuma yako, na usiondoke ulipopiga magoti mpaka mkono umefika pande zote. Usiku fanya hivi: zima taa ya chumba, laza tochi ya simu sakafuni ili mwanga upite chini chini, halafu igeuze polepole. Lenzi itametameta, na hata macho yetu huuona mmeto huo, ingawa kwetu ni doa kubwa la mwanga.

Ujue umbali wa macho yako

Mtu asiyeona mbali sana anapaswa kujua hesabu moja. Chukua 100, gawanya kwa nguvu ya lenzi yako. Jibu ni sentimita, na hapo ndipo mwisho wa kuona kwako vizuri bila miwani. Mwenye -5 anaona sawasawa hadi sentimita 20. Mwenye -8 anaishia sentimita 12 na nusu, na mwenye -10 anaishia 10. Wataalamu wengi huhesabu kuanzia -6 kwenda mbele kuwa kiwango cha juu, na kuanzia hapo hata mkono wako mwenyewe ukiunyoosha ni ukungu wenye vidole.

Hesabu hiyo ina kazi. Simu yako ina kamera, na kioo cha simu unaweza kukileta ndani ya umbali wako. Fungua kamera, ishike sentimita 10 kutoka usoni, uielekeze sakafuni, kitandani au chini ya kiti, ukitazama kioo peke yake. Utaona chumba chote kikiwa wazi, kwa sababu unachokitazama ni picha iliyo karibu nawe. Unaweza pia kupiga picha na kuikuza kwa vidole. Njia hiyo hiyo inakusomea kibao cha matatu stejini Embu au bei iliyobandikwa dukani. Basi usiweke simu na miwani mahali pamoja usiku. Miwani ilale upande mmoja, simu upande mwingine, ili ukikosa moja uipate nyingine kwa kupapasa.

Simu ikiwa haina chaji, toboa kipande cha karatasi ngumu, hata cha boksi la sabuni, kwa ncha ya sindano, kisha chungulia kwa jicho moja. Tundu dogo huuzuia mwanga unaosababisha ukungu na kuruhusu mwale mwembamba tu, kwa hiyo kitu cha mbali kinajitokeza. Linahitaji mwanga mwingi wa mchana, na halifai kabisa kutembea nalo, maana unaona upenyo tu. Lakini kwa kusoma nambari ya gari au jina la duka linatosha.

Inakopotelea huku kwetu

Mkia wa ng'ombe ndio adui ninayemtaja kwanza. Anayekamua alfajiri katika boma la ng'ombe wa kisasa, Imenti au Manyatta, anajua mkia uliolowa unavyopiga shavu, na miwani inaishia kwenye samadi chini ya kwato. Ufunge mkia kwenye mguu wa nyuma wa ng'ombe kabla ya kuketi, na uvae kamba ya miwani. Kamba hiyo si lazima uinunue: fundi wa nguo atakushonea ya lastiki kwa dakika chache, vitanzi viwili vya kushika mikono ya miwani, mshono mmoja nyuma ya kichwa. Kwa kijana anayekwea miti ya miraa kule Igembe kamba ni ya lazima, tena iliyokazwa, kwa maana huko juu hakuna kupiga magoti na kupapasa. Miwani ikimtoka akiwa kwenye tawi, akumbatie shina na amwite mtu wa chini amwelekeze miguu anaposhuka.

Wachuma majani chai wa Kianjokoma na Kionyo wana tatizo lao la ukungu wa asubuhi, hasa mwezi wa Julai. Lenzi zinafunikwa na matone, mtu anachoka kupangusa, anaivua na kuitia kikapuni. Majani yanaongezeka juu yake hadi anaisahau, na kikapu kinamwagwa kwenye kituo cha kununulia. Ukiivua shambani, itie ndani ya nguo, mfuko wenye zipu au kifungo, wala si kikapuni na si kichwani.

Choo cha shimo sitakizunguka. Ukiinama na miwani iliyolegea puani, au iliyoning'inizwa kwenye ukosi wa shati, ikiingia humo imekwenda. Ikaze kamba kabla ya kufungua mlango, au iache mikononi mwa mtu.

Kwenye boda boda shida ni helmeti. Vua miwani, vaa helmeti, kisha ingiza miwani kutoka mbele. Ukifika, utaratibu unageuka: miwani kwanza, helmeti baadaye. Watu hung'oa helmeti kwa haraka na miwani inaruka nayo. Ikikutoka mkiwa njiani, mwambie dereva asimame pembeni, na yeye ndiye arudi kutafuta. Wewe usikanyage lami. Barabara ya Embu hadi Meru ina kona na miteremko, na pale karibu na daraja la Nithi malori na mabasi yameua watu wengi. Mtu asiyeona gari mpaka limefika hana kazi katikati ya barabara hiyo kwa ajili ya miwani, hata iwe ya bei gani.

Katika matatu tunasinzia. Ukiona usingizi unakuja, vua miwani mapema uitie kwenye kasha, na kasha ndani ya begi, maana pajani itateleza na dirishani itapasuka. Ukigundua umeisahau baada ya kushuka, fikiria ulilipaje nauli. Kama ulimtumia makanga kwa M-Pesa, fungua ujumbe ule uangalie jina na nambari. Kama ulilipa taslimu, rudi ofisi ya sako stejini na uwaambie saa uliyosafiri na kiti ulichokalia, siku hiyo hiyo, kabla gari halijasafishwa.

Nyumbani, kanisani na matangani miwani hupotea kwa sababu moja: tunaivua ghafla. Unafunua sufuria ya githeri, mvuke unakupofusha, unaiweka kwenye kigoda na mtu anakuja kukaa. Unalia mazishini, unaiweka juu ya benchi. Zoeza mkono wako kuwa na sehemu moja tu ya kuiweka unapoivua ukiwa nje, na sehemu moja tu ndani ya nyumba, juu ya kitu kisichokaliwa na kisichofikiwa na mtoto. Waambie wote wa nyumbani: hapa hapawekwi kitu kingine, na ukiikuta miwani mahali pengine usiihamishe, niite.

Nasisitiza pia rangi, jambo ambalo wauzaji hawakuambii. Udongo wa miteremko ya Mlima Kenya ni mwekundu wa kahawia. Kahawa, chai na migomba ni kijani. Fremu ya kahawia ikianguka shambani inamezwa, na ile ya uwazi kama maji inapotea hata juu ya meza. Nunua fremu ya rangi isiyokuwa katika mazingira yako: samawati iliyokolea, zambarau, njano. Kwa macho yanayoona ukungu tu, doa la samawati kwenye udongo mwekundu linaonekana ukiwa umesimama. Hata kama hutaipenda kwenye kioo cha dukani, utaishukuru siku ya kuangusha.

Ikivunjika

Skrubu ya bawaba ndiyo inayotoka zaidi. Mkono wa miwani unaning'inia, halafu unaanguka. Kwa muda, pitisha uzi mmoja wa shaba uliotolewa ndani ya waya wa umeme usiotumika, usokote ncha zake na uzikunje upande wa nje ili zisikuchome panja. Pini ndogo ya nguo pia inashika. Ukipata skrubu mpya, ikaze na udondoshee tone la rangi ya kucha isiyo na rangi, isilegee tena. Kila mwezi zikague skrubu zote kwa bisibisi ndogo kabla hazijakuaga.

Daraja la puani likikatika, kazi ni ngumu zaidi. Unganisha vipande kwa kipande cha kijiti cha meno kilicholazwa nyuma yake na uzungushie selotepu nyembamba. Inachukiza kuvaa, lakini unaona njia ya kurudi nyumbani.

Usitumie supagluu. Nimeona miwani nzuri ikifa kwa gundi hiyo. Mvuke wake unapokauka hutua kwenye lenzi kama ukungu mweupe usiofutika, na mahali palipogandishwa hapakubali tena kazi ya fundi. Ukilazimika kabisa, toa lenzi zote mbili kwanza, uzifunge kwa kitambaa safi, na usizirudishe mpaka gundi imekauka siku nzima.

Fremu ikiharibika na lenzi ni nzima, usitupe kitu. Mwenye duka la miwani anaweza kuzichonga upya ziingie katika fremu ndogo kidogo, ikiwa kitovu cha kila lenzi kitabaki mbele ya mboni yako. Hapo umeokoa sehemu ya gharama iliyo kubwa kwetu. Na usimdharau fundi wa saa. Mtazame anavyofanya: anabana kikuza kidogo kwenye jicho, anasafisha tundu la bawaba kwa sindano, anachagua skrubu kwenye kifuniko cha chupa kilichojaa za saa kuukuu, anajaribu ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha anakata ncha iliyozidi na kuipiga msasa mpaka kidole hakikwaruzwi. Kazi ya fremu ya chuma anaiweza vizuri. Kazi ya lenzi si yake, na fundi mwaminifu atakuambia mwenyewe.

Lenzi moja ikitoka, usitembee ukitumia macho yote mawili. Jicho moja lenye -8 na jingine tupu huleta kizunguzungu, na ngazi hukuhadaa. Lifumbe au ulifunike lile tupu.

Halafu kuna zile miwani zilizopangwa sokoni kwa rangi rangi, za bei nafuu, zimeandikwa +1, +2, +3. Hizo ni za kusomea, za watu ambao macho yao hayaoni karibu. Kwako wewe wa -8 zinaongeza ukungu. Usinunue hata kwa dharura.

Siku za kungoja miwani mpya ndizo zinazoumiza moyo. Lenzi za nguvu kubwa mara nyingi hazikai dukani Meru wala Embu, zinaagizwa Nairobi, na unaweza kungoja siku kadhaa. Katika siku hizo utampita mzee barabarani bila salamu, na huku kwetu kupita bila salamu ni neno zito. Watasema unaringa. Wahi kusema wewe: mwambie jirani, mwambie mwenye duka, mwambie katibu wa chama, "Miwani yangu imevunjika, nikikupita niite jina." Nimeona watu wazima wakijifungia nyumbani wiki nzima badala ya kusema sentensi hiyo. Pikipiki na gari usiendeshe, hata kwa barabara unayoijua tangu utoto, na shughuli za nje zimalize kabla ya magharibi.

Siku ambayo tatizo si miwani

Miwani ikivunjikia usoni, kwa kuanguka, mpira, tawi au ngumi, acha habari ya fremu kwanza. Jicho lisiloona mbali sana kwa kawaida ni refu kuliko jicho la wengine, na retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, umenyooshwa ukawa mwembamba. Pigo laweza kuupasua, na wakati mwingine unapasuka bila pigo lolote. Dalili ni tatu: mimweko ya mwanga pembeni mwa jicho hata ukiwa gizani, nukta nyeusi nyingi zinazoelea ambazo jana hazikuwapo, na kivuli kama pazia kinachoingia kutoka upande mmoja. Maumivu huenda yasiwepo kabisa, na hapo ndipo watu wanapokosea wakidhani ni uchovu au lenzi chafu.

Ukiona mojawapo, nenda kliniki ya macho siku hiyo hiyo: Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru, au Hospitali ya Level 5 ya Embu. Sema wazi mlangoni, "Macho yangu ni -8, naona mimweko na pazia," usikae kwenye foleni ya wanaotaka kupimwa miwani. Upasuaji wa retina huenda ukakupeleka hadi Nairobi au Kitengo cha Macho cha Hospitali ya PCEA Kikuyu. Ikiwa kitovu cha retina bado hakijabanduka, kuwahi kunaweza kuokoa uwezo wako wa kusoma. Kama kuna kipande cha lenzi kimeingia jichoni, usikitoe wala usisugue. Funika jicho kwa kikombe safi cha plastiki kisicholigusa na uende.

Miwani ya pili

Kwa mtu wa nguvu hizi miwani ya pili si anasa. Ikiwa pesa zinatosha moja ya fahari tu, chukua badala yake mbili zenye fremu za bei ya chini. Chagua fremu ndogo yenye ukingo kamili, kwa kuwa lenzi zetu ni nyembamba katikati na nene pembeni, na kadiri fremu inavyopungua ndivyo unene na uzito vinavyopungua. Zile zisizo na ukingo kamili, lenzi ikishikwa na uzi wa nailoni, waachie wenye nguvu ndogo.

Usitupe miwani ya zamani. Hata ikiwa imepungua nguvu, itakuvusha siku mbili tatu. Isukume iwe karibu kabisa na macho, kope zikikaribia kugusa lenzi: lenzi ya kutoa inapata nguvu kidogo inaposogea karibu na jicho, na hupungua inapoteleza puani. Ndiyo sababu wewe husukuma miwani juu kila unapotaka kusoma kitu cha mbali.

Piga picha karatasi ya vipimo vyako leo, na umtumie mtu mmoja unayemwamini. Hakikisha ina nguvu ya kila jicho, silinda na mhimili wake kama unavyo, na umbali kati ya mboni mbili kwa milimita. Namba hii ya mwisho mara nyingi haiandikwi usipoomba, na bila hiyo duka la mji mwingine haliwezi kukutengenezea lenzi kwa simu. Ndani ya kasha andika nambari yako ya simu kwa kalamu isiyofutika.

Mzazi wa mwanafunzi wa bweni ana jambo la zaidi. Mtihani wa KCSE huanza Oktoba na kuendelea Novemba, na miwani inayovunjika wiki ya mtihani ikisubiri lenzi za Nairobi haitafika kwa wakati. Mpime mtoto likizo ya Agosti, ili akirudi shuleni awe na miwani mbili zenye vipimo vya sasa. Anayelala kitanda cha juu asiiweke chini ya mto. Mshonee kimfuko cha kufunga kwenye nguzo ya kitanda, upande wa kichwa. Ile ya pili isikae kwenye sanduku lake, ikae kwa matroni au mwalimu wa darasa. Na unapoikabidhi, mtoto awepo, aseme mwenyewe kwa mdomo wake kwamba bila miwani haoni ubao hata akikaa dawati la mbele, ili siku ikivunjika asikae kimya hadi kengele ya mwisho.